Alhamisi Iliyofuta Jumanne

Nilipokuwa nasoma kompyuta Gitega, Burundi, darasa letu lilikuwa la wavulana watupu, isipokuwa mimi na msichana mmoja wa kutoka Muyinga. Siku ya kwanza alikuja kukaa karibu nami, akasukuma mtandio wake nyuma ya bega, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia wazazi wangu wanalima Nyarusange, lakini mimi nimekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na tulirudi nchini nikiwa tayari msichana mkubwa. Akacheka.

"Ndiyo maana unasema kama redio," akasema. "Mi Kiswahili yangu ni ya sokoni, na Kifaransa inaingia humo. Usinisahihishe, eh?"

Sikumsahihisha. Baba yake alikuwa na duka la vyombo vya nyumbani Muyinga, masufuria na ndoo na magodoro, na yeye alikuwa amekulia nyuma ya kaunta, akisikia watu wakibembeleza na kugombana na kupatana. Nadhani ndiyo maana alijua kuliko mimi jinsi watu wanavyosema hasa. Mimi nilijua jinsi inavyoandikwa.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Magarama, hapo hapo Gitega. Yeye aliishi Nyamugari kwa mama yake mdogo, mjane mwenye karakana ndogo ya kushona nguo za harusi. Jioni baada ya masomo nilizoea kumsindikiza mwenzangu mpaka kwa mama mdogo, na mama mdogo hakuniruhusu kamwe kuondoka bila chai. Nilikuwa Mkristo katika nyumba ya Waislamu, na hakuna aliyelitaja hilo, ila mwezi wa Ramadhani nilipojifunza kuja wakati wa kufuturu, nao wakawa wananitania kwamba mimi nafuturu bila kufunga.

Programu yetu ilianzia katika nyumba ile, na ilianza kwa sababu ya mama mdogo.

Baadhi ya wateja wake walikuwa wanawake wa Burundi walio Ulaya na Kanada. Walimtumia vipimo na picha za mishono kwa barua pepe, naye alikuwa na kompyuta ya mkononi aliyoletewa na mmoja wao. Shida ilikuwa mtandao. Ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, na ukiondoka, barua zote ziliondoka nao, kwa sababu zilikaa huko mbali na si ndani ya mashine. Mama mdogo alikuwa akisimama na mkasi mkononi, kitambaa kimetandazwa mezani, na kipimo cha kiuno hakionekani.

Tukatafuta programu ya barua pepe inayohifadhi barua ndani ya mashine yenyewe. Tulipata moja ya bure, ya wale wanaoacha kazi yao wazi ili yeyote aichukue na kuibadilisha. Ilikuwa na sanduku la barua, kalenda, orodha ya kazi na kitabu cha anwani, vyote kwa Kiingereza na Kifaransa. Mama mdogo aliitazama kwa muda, akasema, "Hii imetengenezwa kwa mutu mwingine."

Basi tukaanza kuitengeneza upya kwa ajili yake.

Kitabu cha anwani ndicho kilichotushinda kwanza. Kilidai jina la mtu na jina la ukoo, kisha kikawapanga watu kwa ukoo. Kwetu ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana, na mama mdogo hakumjua mteja yeyote kwa jina la kitambulisho. Alijua mama wa mapacha, bibi harusi wa Ngozi, yule mrefu wa Kanada. Mwenzangu akafuta nafasi zote, akaacha moja tu yenye swali: Unamwitaje? Mama mdogo akaandika kwa kidole kimoja, "yule wa kulialia," na siku hiyo hiyo akamtafuta na kumpata.

Kisha zikaja saa. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane. Mama mdogo alihesabu tangu jua linapochomoza, kama kila mtu pale, awe anasema Kiswahili au Kirundi. Alipoandika kwamba mteja atakuja saa mbili, kengele ililia watu wote wamelala, naye akaamka akidhani ni wezi. Mimi niliandika sehemu inayogeuza saa, ili ukiandika saa mbili ikuulize tu ni ya asubuhi au ya usiku. Niliionea fahari kazi ile kuliko cheti changu.

Lakini maneno yalikuwa yake. Mimi nilikuwa na maneno mazuri ya kamusi. Kwa barua ambayo hujaimaliza nilitaka tuandike "rasimu". Yeye akasema hakuna mtu Gitega nzima atakayebonyeza hapo. Akaandika "Bado". Kwa barua zilizoingia, "Zimefika". Kwa zilizotoka, "Zimeenda". Kwa taka, "Tupa huku". Nilibisha kwa kila neno, kisha nikamwona mama mdogo akibonyeza bila kuuliza, nikanyamaza.

Tulimaliza masomo, tukaendelea. Mimi nilipata kibarua cha kutengeneza mashine katika duka la kuchapisha na kunakili karatasi, yeye akawa anafundisha watoto kompyuta katika shule ya binafsi. Jumamosi na Jumapili zilikuwa za programu. Washonaji wengine wa Nyamugari waliitaka, kisha fundi wa samani, kisha katibu wa ushirika wa kahawa. Kila mmoja alikuja na haja yake. Mmoja alitaka barua igeuke miadi kwa kubonyeza mara moja. Mwingine alitaka kutafuta barua ya mtu kwa neno moja analolikumbuka. Tulifanya. Tulikuwa wachovu na tulikuwa na furaha, na mimi nilidhani hivyo ndivyo maisha yatakavyokuwa.

Halafu baba yake akapatwa na kiharusi.

Yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Aliondoka Gitega asubuhi kwa gari la kupitia Karuzi, akiwa na begi moja na kompyuta yake, na alisema atarudi baba akipata nafuu. Hakuna aliyesema lini. Nilimsaidia kupakia begi. Tulizungumza habari za kalenda hadi gari lilipowashwa, kwa sababu habari nyingine hatukujua tuzizungumzeje.

Kutokana na kuachana kule ikazaliwa sehemu ya programu iliyokuwa ngumu kuliko zote. Sasa tulikuwa na kalenda mbili, moja Gitega na moja Muyinga, na tulitaka ziwe kalenda moja. Tukafanya hivi: kila kalenda ilituma mabadiliko yake kwa nyingine kama barua pepe ndogo isiyoonekana, pindi mtandao ukipatikana. Barua hiyo ikiingia upande wa pili, kwako hutokea neno dogo la kijani: Imefika. Kitufe cha kuanzisha kazi hiyo yeye alikiita "Patanisha".

Palibaki swali moja. Itakuwaje kama wote wawili tumebadilisha jambo lile lile, kila mmoja kwa namna yake, kabla mtandao haujatukutanisha? Mwanzoni programu iliuliza: nishike lipi? Tulimpa mama mdogo aijaribu, yeye na binti aliyemsaidia kazi, kila mmoja kwenye mashine yake. Baada ya siku chache akanipigia simu.

"Mwanangu, hii kitu inaniuliza kama polisi," akasema. "Mi ndiye ninaiuliza. Yenyewe isiniulize."

Nikamwandikia mwenzangu, naye akakubali. Tukaondoa swali. Badala yake tukaweka kanuni: kilichoandikwa mwisho ndicho kinachobaki. Mashine iangalie saa, ione nani alibadilisha baadaye, imsikilize huyo. Tuliiona kanuni ya haki kabisa. Hatukufikiria kwamba mashine mbili zinaweza kutokubaliana kuhusu saa.

Shirika moja la vyama vya wakulima, lenye makao Gitega na ofisi katika mikoa kadhaa, lilisikia habari zetu kwa yule katibu wa kahawa. Ofisi zao za mikoani zilikuwa na shida ile ile ya mtandao. Mkurugenzi akatuita tuwaonyeshe, sote wawili, siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi. Nilipomwandikia mwenzangu alijibu kwa herufi kubwa. Tangu baba yake augue sikuwa nimepata barua ya furaha kutoka kwake. Alisema mdogo wake atakaa na mgonjwa, na mama mdogo atamshonea nguo mpya ya siku hiyo.

Jumamosi kabla ya siku yenyewe, mkurugenzi akanipigia. Amepata safari. Je, tunaweza kuja Jumanne badala ya Alhamisi?

Nikasema tunaweza. Nikampigia mwenzangu papo hapo, simu yake haikupatikana. Nilijua kwamba kioo chake kilikuwa kimevunjika na simu iko kwa fundi, alikuwa ameniandikia hivyo. Nikafungua kalenda, nikahamisha mkutano kutoka Alhamisi kwenda Jumanne, nikabonyeza Patanisha. Nikasubiri. Baada ya kitambo likatokea lile neno la kijani: Imefika.

Nikafunga mashine. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuandika na barua ya kawaida, mistari miwili tu. Jibu ni kwamba tuliitengeneza programu ili mtu asihitaji kuandika barua ya pili. Kuandika kungekuwa kama kutoiamini kazi yetu. Na Nyamugari si mbali na Magarama. Ningeweza kutembea mpaka kwa mama mdogo nikamwambia kwa mdomo, naye angejua namna ya kumfikishia.

Jumanne nilisimama kwenye lango la ofisi ile mpaka wakaja kuniita. Siku hizo esansi ilikuwa haipatikani, magari yalikuwa yakilala kwenye foleni za vituo vya mafuta, na watu waliokuwa na safari walikuwa wakirudi nyumbani na mizigo yao. Nikadhani amekosa gari. Nikaingia peke yangu.

Mambo yalikwenda vizuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba yalikwenda vizuri. Walipoona neno "Bado" wote mezani walicheka, kicheko cha mtu anayekuta kitu chake mahali asipokitegemea. Mkurugenzi akauliza ni nani aliyechagua maneno. Nikasema ni mwenzangu wa Muyinga, na kwamba nusu ya kazi ni yake. Akasema basi tumsubiri, tutie saini pamoja.

Jumatano yote sikuwa na wasiwasi. Nilidhani yuko Muyinga na nitamwambia habari njema simu yake ikitoka kwa fundi. Kumbe Jumatano hiyo alikuwa njiani. Alipanda pikipiki mpaka Karuzi, akangoja gari hapo karibu siku nzima, akafika Nyamugari jioni amejaa vumbi. Hakuja kwangu kwa sababu alitaka kulala mapema, tukutane langoni asubuhi tukiwa tumependeza.

Alhamisi nilikuwa ninaanika nguo uani nilipomwona akiingia. Alivaa gauni la kitenge la rangi ya buluu na kahawia, jipya kabisa, na mtandio wa rangi ile ile. Begi la kompyuta lilikuwa begani. Nilimkimbilia nimkumbatie, akasimama mbali.

"Mlinzi ameniambia mkutano ilikuwa juzi," akasema.

"Ndiyo, Jumanne. Sasa we umekuja lini?"

"Ameniambia ulikuja peke yako. Ameniambia ulifurahi sana ulipotoka."

"Lakini nilikuandikia. Nilihamisha kwenye kalenda. Ilifika, niliona imefika!"

Akakaa kwenye ngazi ya mlango wangu, akafungua kompyuta yake, akanigeuzia. Jumanne ilikuwa tupu. Alhamisi, saa tatu asubuhi, mkutano, na chini yake maneno aliyoongeza mwenyewe: nitaleta projekta ya binamu.

"Mashine yako ina hitilafu," nikasema. "Ngoja." Nikaingia ndani, nikaleta yangu. Nilikuwa sijaifungua kalenda yangu tangu Jumamosi, kwa sababu tarehe nilikuwa nayo kichwani, na Jumanne niliwaonyesha kalenda ya mfano tu. Nikaifungua mbele yake.

Na yangu pia ilisema Alhamisi.

Nikabonyeza huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko aliokwisha kuupekua. Jumanne yangu haikuwepo popote. Yeye alinitazama tu, hakupaza sauti, na mimi nilitamani apaze.

"Ungesema tu," akasema mwishowe. "Ungesema, dada, mi nataka kwenda mwenyewe. Ningeumia, mais ningejua."

"Naapa nilibadilisha."

"Iko wapi?"

Akafunga kompyuta, akasimama, akakung'uta gauni. Nilimfuata mpaka barabarani nikizungumza, majirani wakitutazama. Siku iliyofuata nilikwenda Nyamugari. Mama mdogo akanifungulia, akaniambia mtoto ameshaondoka. Alinipa chai, lakini hakukaa nami. Aliendelea kushona, na cherehani ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba hatukuweza kuongea.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Nilipekua barua zile ndogo zisizoonekana, moja baada ya nyingine, na hatimaye nikaiona. Ile aliyoandika mwenzangu kuhusu projekta, Jumamosi ile ile, ilikuwa na tarehe ya mwezi ambao ulikuwa haujafika. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa ya kompyuta yake ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika Muyinga saa ilipotea, naye akairekebisha kwa mkono, na mkono ukateleza mwezi mmoja mbele. Kwa hiyo Jumanne yangu ilifika kwake kweli, ikakuta Alhamisi inayotoka mwezi ujao. Mashine ikatii kanuni yetu. Ikaishika Alhamisi kwa kuwa ndiyo ya baadaye, ikaitupa Jumanne, kisha Alhamisi hiyo ikaja Gitega kuifuta Jumanne hata kwangu.

Nilimwandikia yote hayo. Nikamwonyesha tarehe zenyewe, nikamweleza jinsi ya kurekebisha, kwamba badala ya kuitegemea saa tutahesabu zamu za mabadiliko, la kwanza, la pili, la tatu. Nilidhani atafurahi. Hakujibu. Nilimpigia, simu ikaita bila kupokelewa. Kwa shirika aliandika mstari mmoja kwamba yeye hashiriki tena, na mimi naweza kutia saini peke yangu.

Nilitia saini. Niliweka programu katika ofisi zao, nikairekebisha ile kanuni, ikafanya kazi bila kosa. Ilitumika kwa muda. Kisha simu za kisasa zikaenea, watu wakaanza kutumiana ujumbe humo, sauti na picha na miadi vyote pamoja, na barua pepe ikabaki kuwa ya mambo ya ofisi. Halafu shirika likapata wafadhili waliokuja na programu yao iliyo tayari, inayotaka mtandao kila dakika na kumuuliza kila mtu jina la ukoo. Mkurugenzi mpya aliniomba nije niiondoe yetu kwenye mashine. Niliiondoa mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha katibu, nikabonyeza, mstari ukajaa taratibu mpaka mwisho, katibu akaniuliza kama nataka soda.

Katikati ya hayo nilipita Nyamugari nikakuta karakana ya mama mdogo imefungwa. Jirani akasema amehamia Muyinga kumuuguza shemeji yake. Sikuwa nimeagwa. Nikaacha kupita mtaa ule.

Mwaka jana mwajiri wangu wa sasa alinituma Muyinga kufundisha makatibu wa ofisi moja namna ya kutumia barua pepe na kalenda. Kazi ilipokwisha nilikuwa na saa chache kabla ya gari kuondoka. Nilijiambia natafuta mahali pa kula. Miguu ikanipeleka moja kwa moja hadi kwenye duka.

Alikuwa nyuma ya kaunta, amenenepa kidogo, mtoto wa kike amelala juu ya godoro la kuuzwa lililofunikwa nailoni. Aliponiona aliweka chini sufuria aliyokuwa akimwonyesha mteja. Tukatazamana. Kisha akamhudumia mteja mpaka mwisho, kwa utaratibu, akamfungia sufuria, akamsindikiza mlangoni, akarudi.

"Karibu," akasema. "Umekonda."

Akaita kuelekea uani, na mama mdogo akatoka. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, ilimbidi anishike uso kwa mikono yote miwili kunijua.

"Mwanangu, we ulipotelea wapi?" akasema. "Hata kilio cha shemeji yangu hukuja."

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba yake mwenzangu amekufa, na kwamba alikufa zamani. Nilimgeukia. Alikuwa anapanga vifuniko vya sufuria kwa ukubwa.

"Sikujua," nikasema. "Wallahi sikujua." Nilikuwa nimeazima kiapo chao bila kukusudia.

"Ndiyo, hukujua," akasema. "Sikukuambia."

Mama mdogo akamchukua mtoto, akatuacha. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nilikuwa nimelibeba jambo moja kwa miaka yote, na likatoka lenyewe.

"Ile barua yangu kuhusu saa, uliipata?"

"Niliipata."

"Ulinielewa?"

Aliacha vifuniko. "Mi nilielewa kabla yako," akasema. "Ile siku nilirudi kutoka Gitega, nikafungua mashine hapa hapa, nikaona tarehe. Mwezi unaokuja. Nikaelewa yote, bila barua."

Nilisogeza kigoda karibu na kaunta.

"Sasa kwa nini?"

Nje pikipiki ilikuwa inajaribu kuwaka na kukataa.

"Baba alikuwa hawezi kushika kijiko," akasema. "Mi ndiye nilikuwa namlisha, namwosha, nafungua duka. Wadogo wangu walikuwa masomoni. Nikikaa kwenye programu, baba ananiita. Nikienda kwa baba, we unanituma kazi, unaniuliza, umemaliza? Umemaliza? Kukuambia mi siwezi tena ilinishinda. Ningelia. Kukukasirikia, hiyo ilikuwa nyepesi. Nilikuwa nimeshakasirika, donc nikabaki hivyo."

"Ungeniambia, ningesubiri."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia. Nisingetaka unisubiri."

Nikamweleza jinsi walivyocheka kwa neno lake siku ile, na jinsi mkurugenzi alivyouliza ni nani aliyechagua maneno, na nilivyojibu. Alinisikiliza kwa makini, kama anayehesabu. Alitabasamu, kisha akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio na mabega yakaanza kutikisika. Nilizunguka kaunta. Tulisimama pale katikati ya ndoo za plastiki tumeshikana, mteja mmoja akaingia, akatuona, akatoka.

Tulikula pamoja, wali na maharage na ndizi za kupika. Alinieleza habari za mume wake, ambaye ni dereva wa lori na yuko njiani siku nyingi. Mimi nilimweleza habari za wazazi wangu Nyarusange na za makatibu ninaowafundisha. Hatukuzungumza juu ya kuanza tena. Hakuna cha kuanza. Vitu vyote tulivyovitengeneza kwa jasho sasa viko katika simu ya kila mtu, vingine vizuri kuliko vyetu, na hakuna anayeuliza vimetoka wapi.

Alipotaka kunisindikiza kwenye gari, wateja walikuwa wameanza kujaa, nikamwambia abaki. Nilitembea peke yangu mpaka stendi, nikapata kiti cha dirishani.

Siku hizi tunapigiana simu. Ananipa habari za mtoto, namuulizia mama mdogo, tunacheka, tunaagana. Ni mazungumzo mazuri ya watu wanaopendana na wanaoishi mbali. Lakini kuna wakati nikiwa kazini namweleza mtu mgeni jinsi kalenda mbili zinavyopatana, najikuta nimenyamaza katikati ya sentensi, na wanafunzi wanadhani nimesahau. Ninakuwa nafikiria miaka ile aliyokuwa akimlisha baba yake kwa kijiko huku akinikasirikia kwa makusudi, na mimi Magarama nikitafuta kosa ndani ya mashine, wakati safari ya kwenda kumuuliza mtu ana kwa ana ilikuwa ya asubuhi moja tu.

Baba yake nilimwona mara moja tu, alipokuja Gitega kununua bidhaa, kabla hajaugua. Alinishukuru kwa kumtunza binti yake. Aliniambia nikifika Muyinga nisilale hotelini.